Salamu kwa Makundi Ishirini na Matatu

Siku ya sita baada ya kumzika Mussa, simu yangu ilileta ujumbe kutoka Norwei ukiniomba salamu. Kundi la kompyuta la Terje, Mnorwei aliyekaa nasi mwaka mmoja zamani, linafanya mkutano wa kukumbuka ujana wao, wanaandika historia ya kundi lote tangu lilipoanza, na wangefurahi sana kama mtu wa Karatu angerekodi salamu za dakika moja, "kwa Kiswahili, ili ladha iwepo." Ladha. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, ugali ukaanza kuungua, nikauacha uungue. Chini ya ujumbe kulikuwa na anwani ya ukurasa wao. Nikaufungua, nikashuka mwaka baada ya mwaka, nikipita picha za vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu waliokaa kwenye kumbi za michezo na kompyuta zao, hadi nikafika pale tulipo sisi. Yaani pale tulipopaswa kuwa. "Ukungu," wameandika. "Programu: Terje. Picha: Terje. Muziki: Terje. Ilitengenezwa alipokuwa Afrika." Basi. Mwaka mzima wa maisha yangu, mwaka ambao Mussa aliuzungumzia mpaka wiki aliyokufa, na jina lake halimo.

Mimi ni mtu wa hasira, sina haja ya kulificha. Nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi na wanafunzi wangu walinipa majina ambayo siyaandiki hapa. Lakini hasira ya siku ile haikuwa ile yangu ya kawaida, ya kupanda haraka na kushuka haraka. Hii ilikaa. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo sokoni, nikamfokea muuza nyanya ambaye hakunikosea kitu. Nilimwandikia Terje maneno ambayo nilipoyasoma tena nilifurahi kwamba nimeyaandika: kwamba yeye ni mwizi, kwamba alikula viazi vyetu na kunywa chai yetu mwaka mzima kisha akaenda kwao kusema kazi yetu ni yake, na kwamba mtu aliyetunga muziki ule amezikwa Ijumaa iliyopita huku nusu ya mji ikiamini alikuwa mtu wa kujisifu. Nikatuma. Halafu nikakaa chini, maana kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliandika humo, na nitalisema hapa likifika.

Mwaka ule Karatu ilikuwa mji wa barabara moja. Magari ya watalii yalipita yakitimua vumbi kuelekea Ngorongoro, na sisi tuliyatazama yakipita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, napiga chapa barua za ofisi ya misheni, na Terje alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeletwa kutoka Norwei kwa mwaka mmoja kurekebisha redio za mawasiliano za zahanati. Alikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na kompyuta yake ya nyumbani, aina ile ambayo mashine yote imo ndani ya kibodi nene na unaiunganisha na televisheni, pamoja na disketi nyingi zilizovishwa soksi za sufu ili zisivunjike. Akapewa stoo iliyokuwa ya magunia ya kahawa. Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya magunia na mafuta ya taa, na dirisha moja la nondo lililotazama jikoni kwa Mama Paulina, mpishi wa misheni, hivyo kila kilichosemwa jikoni tulikisikia na kila kelele yetu aliisikia yeye. Jenereta iliwashwa saa nane mchana kwa ajili ya mafundi seremala na kuzimwa saa kumi na mbili jioni. Hizo saa nne ndizo zilikuwa shule yangu. Ile nyingine, ukiniuliza leo, sikumbuki kitu isipokuwa maharage.

Wiki ya kwanza Terje alinyimwa chai. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani, kile chenye ngeli zote mahali pake, na kila asubuhi alipita mlangoni kwa Mama Paulina, mwanamke mwenye umri wa kumzaa mama yake, akasema kwa furaha, "Habari za asubuhi!" Mama Paulina alimgeuzia mgongo. Nilimsikia kupitia dirishani akiwaambia wanawake waliokuwa wakichambua mchele, "Huyu kijana kwao hawaamkiani? Ananisemesha kama nimesoma naye." Siku tatu Terje alikuta birika tupu. Siku ya nne akaniuliza kwa sauti ya chini, "Eliza, mimi nimekosea nini?" Nikamwambia. Akaenda, akasimama mlangoni, akainamisha kichwa na nywele zake zote, akasema, "Shikamoo, Mama Paulina." Yule mama akajibu kana kwamba hajawahi kumnunia hata siku moja: "Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai hii hapa, na viazi vya moto." Tangu siku hiyo Terje alimwamkia kila aliyepumua. Aliporudi stoo na kiazi mkononi aliniambia kwamba wao nao, katika disketi zao, wana adabu hiyohiyo. Nilicheka, kwa kuwa sikujua bado disketi zina adabu gani.

Basi akanionyesha. Aliingiza disketi, televisheni ikawa nyeusi, kisha nyota zikaanza kutujia usoni, mpira wa kioo ukazunguka, muziki ukapiga, na chini maandishi yakapita yakipanda na kushuka kama mtu anayevuka matuta ya viazi. Nikauliza inafanya kazi gani. "Haifanyi kazi," alisema Terje. "Ni ya kuonyesha tu." Vijana wa kwao, alisema, walijiunga katika makundi, huyu anaandika programu, huyu anachora, huyu anatunga muziki, na mara moja kwa mwaka walikusanyika kwenye ukumbi mkubwa na kompyuta zao, kazi zikaonyeshwa kwenye kitambaa cheupe, waliohudhuria wakapiga kura. Kundi lake lilikuwa na jina la Kiingereza ambalo sisi tuliligeuza tukaliita Meno ya Barafu. Sheria ilikuwa ukubwa: programu, picha, muziki na maneno, vyote kwa pamoja visizidi kilobaiti sitini na nne. Picha moja unayopiga leo kwa simu haienei humo. Na maneno yale yaliyopita chini yalikuwa na desturi yake. Kwanza majina ya waliotengeneza, kisha salamu kwa makundi mengine, kila kundi kwa jina lake, na ukiliruka moja wanakununia miaka. "Kama Mama Paulina," nikasema. Terje akakubali kwamba ni kama Mama Paulina. Nilijiambia, hawa ni watu wenye malezi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliamini kirahisi.

Mussa alikuja kwa ajili ya mkanda wa jenereta. Alikuwa wa watu wa Singida waliokaa kwenye nyumba za vibarua za shamba la kahawa, ana miaka ishirini, na kazi yake ilikuwa kusimamia mashine ya kumenyea kahawa, maana ndiye peke yake aliyejua kwa kuisikiliza kwamba inataka kuharibika. Alifunga mkanda, akanawa mikono, na badala ya kuondoka akasimama mlangoni pa stoo na mabuti yake ya mpira, akisikiliza muziki wa Terje hadi mwisho. "Hii ngoma inachechemea," akasema. Terje alikasirika, alikuwa ameutunga mwenyewe. "Inachechemea wapi?" Mussa akachukua ndoo, akaigeuza, akapiga kwa vidole kile alichokisikia, kisha akapiga kile kilichotakiwa kuwepo. Mama Paulina akasema kutoka jikoni, "Hiyo ya pili ndiyo." Kuanzia wiki iliyofuata, kila alipotoka zamu, Mussa alikaa mbele ya programu ya muziki, safu nne za namba zikishuka kwenye skrini, naye akizisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Hakuwahi kukanyaga sekondari. Silisemi hili kwa huruma. Nalisema kwa sababu mimi niliyesoma nilimwonea wivu, na wivu huo una sehemu yake katika kilichotokea.

Wa tatu alikuwa Bura, mchoraji wetu. Siku hizi anaendesha watalii, mtu mzima mwenye kofia pana anayesema "gemu draivu" hata anapompeleka mke wake sokoni, lakini mwaka ule alikuwa kijana mwenye subira ya ajabu, anayeweza kukaa mchana kutwa akiweka nukta moja moja kwenye skrini hadi zikawa mlima. Tulikula pamoja. Mama Paulina alituletea makande kwenye sufuria moja na vijiko vinne, tukala tukiwa tumekaa juu ya magunia, televisheni ikiwaka mbele yetu. Siku moja Terje naye akatufungulia zawadi ya mama yake, jibini ya kwao ya kahawia, tamu kama sukari guru iliyosahauliwa kabatini. Mussa alitafuna kwa muda mrefu, akameza kwa adabu, akamshika Terje bega. "Poleni," akasema. Tulicheka mpaka Mama Paulina akaja dirishani kuuliza nani amekufa. Nikikumbuka kicheko kile ndipo hasira inanipanda vizuri, kwa sababu mtu aliyecheka na sisi hivyo hawezi kuniambia alisahau nani alitunga nini.

Kuna jambo la aibu: tulikuwa tumekulia chini ya Ngorongoro na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika juu. Terje aliposikia hilo alishangaa, akaomba gari la misheni, na asubuhi moja tukapanda msituni hadi ukingoni. Hatukuona bonde. Tuliona ukungu umejaa ndani yake hadi juu, mweupe, ukimwagika polepole ukingoni na kuja kutulowesha miguu. Wamasai walikuwa wakipitisha ng'ombe ndani yake, hatukuwaona, tulisikia kengele tu. Mussa alinyoosha redio kaseti juu ya kichwa chake akirekodi kengele zile, na mkono ulipochoka akabadilisha mkono. Terje akasema kwa Kiswahili chake cha darasani, "Ukungu huu unaweza kuandikwa kwa namba." Nikasema nitauandika mimi. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema ni mgumu. Ilinichukua mwezi mzima na karatasi nyingi za ofisi nilizozichukua bila ruhusa, lakini siku moja saa tisa mchana ukungu wangu ukamwagika juu ya mlima wa Bura, chini yake zikalia kengele za Mussa, na ngoma ikaingia. Ngoma ile ilikuwa mashine ya kahawa. Alikuwa ameirekodi shambani, akaikatakata, akaipanga upya, na ule mguno wake wa kuchechemea, ambao kila kibarua wa shamba aliujua, akauacha makusudi.

Maneno ya kupita chini niliandika mimi. Nilianza kama desturi inavyotaka: "Programu na maneno: Eliza, wa Kansay. Picha: Bura, wa Karatu. Muziki na ngoma zote: Mussa Njiku, wa mashine ya kahawa, Karatu, Tanzania." Hapo nikaongeza mistari miwili mitatu ya kutusifu. Kisha salamu kwa makundi ishirini na matatu ya Norwei, kutoka kwenye orodha ya Terje, kila moja na neno lake la heri, maana sikuona sababu ya kumsalimia mtu kwa kumtupia jina tu. Tulipoiwasha yote kwa pamoja Mussa alisimama. Jina lake likapita kutoka kulia kwenda kushoto. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia tena, Eliza." Mara ya tatu alikuwa ameshika ukingo wa televisheni kwa mikono yote miwili.

Disketi ilitakiwa kwenda Norwei na nesi mzee wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, na gari lake lilikuwa liondoke saa nne asubuhi. Terje alikuwa Arusha akishughulikia kibali chake cha kuishi nchini. Bura alikuwa na malaria. Mussa alikuwa zamu, ulikuwa msimu wa kahawa. Nilibaki mimi. Waliniwashia jenereta saa mbili, nikaibana kazi yote iwe faili moja, nikaangalia ukubwa: tulikuwa tumezidi kwa baiti mia tatu na kumi na mbili, na baiti moja ni herufi moja. Sijui kama naweza kumweleza mtu wa leo jinsi hilo lilivyonikata maini. Kazi ya miezi, na inakataliwa kwa maneno ambayo hayajazi hata nusu karatasi. Nilipunguza programu hapa na pale, ikaharibika, nikarudisha. Muziki sikuugusa, picha sikuigusa. Yakabaki maneno. Kama ningekata makundi kumi kwenye salamu, kila kitu kingeenea na mtu yeyote wa kule angefanya hivyo bila kupepesa macho. Mimi sikuweza. Nimelelewa kwamba barua ni salamu kwanza na haja baadaye, nilimwona mtu akinyimwa chai siku tatu, na Terje mwenyewe alikuwa ameniambia watanuna. Saa tatu na nusu nikafuta majina yetu yote matatu na sifa zetu. Ikaenea. Niliiweka kwenye bahasha na soksi yake, nikamkabidhi nesi, nikampungia mkono. Tuliwasalimia watu wote wa Norwei bila kusema sisi ni nani.

Mussa alikuja saa tisa, amebadilisha shati, mikono yake bado imevimba kwa kazi, na mahindi mawili ya kuchoma amenifungia kwenye gazeti. "Imekwenda?" Nikasema imekwenda. "Na jina langu limekaa vizuri?" Nilikuwa na mahindi yake mkononi, ya moto. "Limekaa," nikasema. "Tena mwanzoni." Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakaa kwenye gunia lake. Hakukuwa na namna ya kugundua, maana disketi iliyobaki stoo ilikuwa ile ya zamani, yenye majina. Miezi miwili baadaye rafiki wa Terje aliandika kwamba hatukushinda, ila muziki ulipoanza ukumbi ulipiga makofi. Terje alitusomea barua hiyo mara mbili. Mussa alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya jenereta, akakaa huko kwa muda. Mwaka ulipoisha Terje akafunga masanduku yake, akampa Mussa ile disketi ya zamani, akaenda.

Haya sasa, miaka yote iliyofuata. Shamba lilimpunguza Mussa kazini, akafungua kibanda cha kutengeneza redio, akaoa, akapata watoto. Kila mteja aliambiwa habari hiyohiyo: kuna wimbo wangu ulipigwa Norwei, watu wakapiga makofi, na jina langu limo. Disketi aliihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na hakukuwa na mashine Karatu nzima ya kuisoma. Wakamwita Fundi Norwei. "Fundi Norwei, mlishindwa na nani kule?" "Fundi Norwei, nasikia mfalme wao amekuulizia." Alicheka nao, kisha akaeleza upya. Siku moja kwenye mgahawa wa Gwandu, Gwandu mwenyewe, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na kitu, alimwambia mbele ya watu wote alete shahidi mmoja. Nilikuwa meza ya pembeni na chapati yangu. Mussa akanigeukia uso wote ukiwa umefunguka. "Muulizeni Eliza. Yeye ndiye aliyeliandika jina." Watu wote wakanitazama, pamoja na binti yake Zainabu, aliyekuwa na miaka kama kumi, amekaa karibu na baba yake. Kama ningesema ndiyo, wangesema tuonyesheni, na siku moja mtu angeonyesha. "Mambo ya zamani hayo," nikasema. "Mimi nimesahau." Mgahawa ukalipuka kwa kicheko. Mussa alinitazama kidogo, halafu akacheka pia, akanilipia chai.

Jibu la Terje lilikuja baada ya siku nne. Niliandaa meno yangu. Lakini hakubishana. Aliandika kwa Kiswahili, kimechakaa sasa, kwamba ukurasa ule uliandikwa na mwenzake, kwamba bahasha ilifika kwa jina la Terje na ndani ya kazi hakuna jina la mtu, basi wakaweka lake. Yeye aliporudi kwao aliona kwamba majina hayamo. "Nilidhani ninyi hamkutaka," aliandika. "Nikanyamaza. Ilikuwa vibaya." Alinyamaza! Miaka yote hii, mtu mzima, na mdomo anao. Nilikuwa tayari kuanza upya kumtukana hadi niliposoma mstari wa mwisho. Alikuwa amelifungua faili tena ili ahakikishe. "Hamkuwa mmekosa nafasi," aliandika. "Zimebaki baiti ishirini na nane. Kwa hiyo nilifikiri mmeamua."

Ishirini na nane. Eliza, Mussa na Bura ni herufi kumi na nne. Weka koma mbili na nafasi mbili, ni kumi na nane. Tungeenea wote bila vijiji na bila sifa, na kubaki. Nataka kusema sikuiona nafasi hiyo, gari lilikuwa linapiga honi, nilikuwa na haraka. Niliiona. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nilikuwa mwalimu wa hesabu hata kabla ya kuajiriwa. Niliiona, nikaweka vidole kwenye kibodi niyarudishe majina matatu matupu, na hapohapo nikawaza kwamba watu wale wakisikia ngoma ile watauliza jina moja tu, na halitakuwa langu. Basi nikaondoa vidole. Salamu ndizo zilizonifanya nifute, hilo ni kweli. Lakini zilizobaki ishirini na nane ni zangu mwenyewe, na hasira yote niliyomtupia Terje, na muuza nyanya, na Gwandu miaka yote, ilikuwa inatafuta pa kulala isilale kwangu.

Arobaini ya Mussa ilifanyika nyumbani kwake, nyuma ya soko. Dua ilisomwa, pilau ikaliwa, wanawake tukabaki kwenye mikeka upande wa jikoni na wanaume kwenye mabenchi uani, wengi wao wazee wa shamba la kahawa waliotoka Singida pamoja na baba yake. Zainabu anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii, ana sauti laini ya kazi hiyo. Alikuja akakaa karibu nami na kisahani cha tende.

"Shangazi, nikuulize kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Siku ile kwa Gwandu. Baba alisema tukuulize wewe, ukasema umesahau." Hakuinua sauti. "Ulikuwa umesahau kweli?"

Wanawake wawili waliokuwa wakisuuza sahani waliacha kusuuza. Ningeweza kusema ndiyo, na angenikubalia, amefundishwa kuwakubalia wageni.

"Hapana," nikasema. "Nilikumbuka yote."

Nikainuka magoti yakilia, nikaenda uani, nikamwomba kaka wa marehemu, Mzee Hamisi, ruhusa ya kusema. "Sema, dada yangu," akajibu. Nikasema. Nilisema habari ya stoo, na ndoo, na majina niliyoyafuta kwa ajili ya salamu, na baiti ishirini na nane, nikieleza kwamba ni kama kubakiza nafasi ya watu watatu kwenye benchi kisha ukawaambia wenzako hapatoshi. Nilisema nilimdanganya na mahindi yake mkononi, na kwamba watu wa Norwei wana ukurasa wenye wimbo ule na sasa wananiomba salamu za dakika moja. Gwandu alikuwa pale na mfupa wa nyama mdomoni. Akautoa.

"Kwa hiyo ulikwenda kweli? Huo wimbo?"

"Ulikwenda."

"Na makofi?"

"Walipiga."

Zainabu alikuwa amenifuata. Akaomba ule ukurasa, nikampa simu yangu, akamtazama baba yake mkubwa. Mzee Hamisi akaitikia kwa kichwa. Akabonyeza. Kengele za ng'ombe zikalia uani, ndogo na kavu kwenye kisimu kile, kisha ngoma ikaingia. Mzee mmoja mwishoni mwa benchi, aliyebeba kahawa miaka thelathini, akainua kichwa.

"Hiyo si mashine ya shamba?"

"Ndiyo hiyo!" mwingine akasema. "Sikiliza inavyochechemea. Ndiyo hiyo mashine ya Mussa, jamani!"

Wakasogea wote, wazee wazima wameinamia simu. Mzee Hamisi alifuta macho kwa kanzu. "Na sisi tulimwita Fundi Norwei," akasema. Gwandu aliangalia chini. Bura, aliyekuja na kofia yake na kukaa kimya muda wote, akaniambia, "Mimi jina langu liko kwenye leseni, linanitosha. Lakini kwa Mussa ulikosea, Eliza. Ulikosea sana." Nikamwambia najua. Nilitaka mtu anipigie kelele, na hakuna aliyenipigia.

Zainabu alisubiri wimbo uishe. Hakuniambia amenisamehe, na hajaniambia mpaka leo. Alitoa simu yake mwenyewe, akainyoosha mbele ya uso wangu kwa mkono mmoja, na mkono ulipochoka akabadilisha mkono.

"Wale wa Norwei si wanataka salamu za dakika moja?" akasema. "Sema."

Nikasafisha koo.

"Muziki wa Ukungu ulitungwa na Mussa Njiku, wa mashine ya kahawa, Karatu, Tanzania," nikasema. "Picha ni za Bura, wa Karatu. Programu niliandika mimi, Eliza, wa Kansay. Na majina niliyafuta mimi."

Zainabu alisubiri, simu ikiwa bado inarekodi, wazee wote wakinitazama.

"Shangazi," akanong'ona, "hujawasalimia."

"Najua," nikasema. "Tuma hivyo hivyo."